Usiizibe Linka Mdomo, Duka Ndilo Litalia

Wasee, leo naongea na wale wa kuandika programu. Kama hiyo si laini yako, baki tu, kwa sababu hii maneno inafika mpaka kwa duka la mtaani kwenu na nitaieleza polepole.

Msimamo wangu ni huu. Kijana wa Thika ama Ruiru anayeandika programu ya kompyuta kwa biashara za hapa anafaa kumpa mwenye duka faili la .exe linalofunguka kwa Windows aliyo nayo, hata intaneti ikipotea. Kama wewe unaandikia kwa Linux, basi safari ya kutoka Linux kwenda Windows ni mzigo wako, usimwekee mteja. Na kwa hiyo safari kuna mahali pamoja pagumu panapoitwa linka.

Watu wakifika hapo, naona wanafanya vitu tofauti. Kuna wanaogeuza gari na kusema heri kila kitu kiwekwe kwa wavuti. Kuna wanaomwambia mteja abadilishe kompyuta yake iwe Linux. Halafu kuna wale wanaotafuta amri ya kunyamazisha makosa, wanaibandika, programu inatokea, wanaitisha pesa. Hao wa mwisho ndio wamenifanya niandike hii posti.

Windows iko hapa, upende usipende

Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili, na laptopu yangu ni ex-UK yenye Ubuntu. Ubuntu ni ya bure, haikusumbui na leseni, na vifaa vya kuandikia programu unavipata kwa amri moja. Lakini sijawahi kuingia hadiwea Makongeni nikapata kaunta inatumia Ubuntu. Ingia saiba karibu na steji ya Ruiru, ingia duka la spea Thika mjini, ingia agroveti pale Kimbo. Kompyuta ikiwa iko, nimekuta ni Windows. Mara nyingi ni mashine iliyokaa miaka, imeunganishwa na printa ndogo ya risiti, na mwenye duka hataki mtu aiguse kwa sababu ndiyo inashika hesabu zake.

Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hizo tarehe hazikuzima kompyuta ya mtu. Mama wa hadiwea hakuamka siku iliyofuata akanunua mashine mpya, aliamka akauza misumari. Ni kweli mashine isiyopata masasisho ni hatari ikiingia mtandaoni, na mteja akiuliza mimi humwambia apange kuhama. Lakini kabla apange, ile iliyo kwa kaunta ndiyo programu yako itakutana nayo.

Ndiyo maana jibu la "weka kwa wavuti" halinitoshi. Wavuti iko sawa kwa vitu vingi. Lakini stoku ya duka inahitajika asubuhi, jioni, na pia ule wakati mtandao umelala. Mafundi wamepanga foleni wanataka simiti na nyaya, na mwenye duka hawezi kuwaambia wangoje seva irudi. Programu ikiwa ndani ya mashine, na hifadhidata yake iko papo hapo kwa diski, kazi inaendelea.

Na hii fikra ya kumfuata mtumiaji pale alipo si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili. Ona hilo jina la mradi, lina Linux ndani yake kabisa. Bado walichagua programu ambayo inaendeshwa kwa Windows na kwa Linux. Mtu hakulazimika kuhama mfumo ndiyo apate kuandika barua akiona menyu za Kiswahili.

Linka inafanya kazi gani

Ukiandika programu kwa C ama C++, msimbo wako unapitia mikono miwili. Kompaila inachukua kila faili kivyake na kuligeuza kuwa kipande cha maagizo ya mashine. Hicho kipande kina mashimo, mahali kinaposema "hapa niitie fankisheni fulani" bila kujua iko wapi. Linka ndiyo inakusanya vipande vyote pamoja na laibrari, inajaza mashimo, inatoa programu nzima. Hili wazo ni la zamani sana. Mwaka 1952 Grace Hopper alikuwa ameunda A-0, mfumo wa kompyuta ya UNIVAC uliovuta vipande vya programu vilivyoandikwa tayari na kuviweka pamoja.

Fikiria fundi wa mageti ya chuma. Kuna anayekata vyuma na kuna anayechomelea. Anayechomelea akikwambia bawaba moja haiko, hajaharibu geti lako. Amekuonyesha kitu kinachokosekana kabla geti halijapelekwa kwa mtu.

Sasa ukiwa kwa Linux na unajenga programu ya Windows, kuna jambo lingine. Linux inaweka programu zake kwa muundo unaoitwa ELF, Windows inatumia PE. Hata laibrari zikiwa na jina moja, ya Linux haiwezi kuingia kwa programu ya Windows. Ni kama bolti ya inchi na nati ya milimita. Ukizishika mkononi zinafanana, lakini hazishikani, na ukilazimisha unaharibu meno yake. Ukiingia hadiwea kununua nati utaulizwa ni ya saizi gani kabla upewe. Linka nayo inauliza swali kama hilo.

Vifaa ni vya bure. Kwa Ubuntu unaandika sudo apt install mingw-w64, na baada ya hapo, badala ya kuita gcc ya kawaida, unaita x86_64-w64-mingw32-gcc. Mashine ya mteja ikiwa ya biti 32, unaita i686-w64-mingw32-gcc. Laptopu yako inabaki Linux, lakini kinachotoka ni .exe.

Soma hiyo sentensi yote

Hapa ndipo watu hutoroka. Skrini inajaa maandishi mekundu na mtu anasema "imekataa". Imekataa nini? Linka haisemi tu kwamba imekataa, inakupa jina la kitu na mahali kilipoitwa.

Tuseme programu yako ya stoku inatuma risiti kwa printa kupitia mtandao wa ndani wa duka. Kwa Linux, fankisheni za soketi ziko ndani ya laibrari kuu ya C, kwa hivyo hutaji chochote. Umebadilisha msimbo utumie heda ya Windows, winsock2.h, kompaila imeridhika, halafu linka inasema:

undefined reference to `__imp_WSAStartup'

Tuichambue. Linka inasema kuna mtu ameita WSAStartup na haijui hiyo fankisheni iko wapi. Ile __imp_ mbele inakwambia inatarajiwa kutoka kwa DLL, yaani laibrari ambayo Windows huipakia programu ikianza. Sasa unajua la kutafuta: WSAStartup inakaa DLL gani? Nyaraka za Microsoft zinajibu kwa ukurasa mmoja, ni Ws2_32. Unaongeza neno moja:

x86_64-w64-mingw32-gcc stoku.o -lws2_32 -o stoku.exe

Angalia -lws2_32 imekaa wapi. Imekuja baada ya stoku.o. Linka ya GNU inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na ikifika kwa laibrari inachukua tu vile vitu ambavyo tayari vimeitwa. Ukiitanguliza laibrari, wakati huo hakuna aliyeomba kitu, linka inapita. Ikifika kwa stoku.o na kukuta ombi, hairudi nyuma. Mtu anaweza kukaa usiku mzima akiapa kwamba laibrari ameiweka, na ni kweli ameiweka, lakini imekaa upande usiofaa.

La pili ni hili:

cannot find -lsqlite3

Unasema, "Si nimeiweka juzi?" Uliweka ya Linux. MinGW inatafuta ya Windows na haiko. Kuna ushauri unaozunguka kwamba uongeze -L/usr/lib/x86_64-linux-gnu ndiyo linka "iione". Hapo unaipa bolti ya inchi. Itakataa tena, ama itamwaga makosa mapya yanayochanganya zaidi.

Kwa SQLite njia ni rahisi kuliko watu wanavyofikiria. Waundaji wake wanaitoa yote kama faili moja kubwa la C, sqlite3.c, na haina masharti ya leseni. Unaliweka kwa folda yako, unalipitisha kwa kompaila ile ile ya MinGW pamoja na msimbo wako, na unafuta -lsqlite3 kabisa. Sasa hakuna cha kutafutwa. Laibrari zingine hazina huo urahisi. Hizo itabidi uchukue toleo la Windows lililojengwa kwa MinGW, ama uzijenge wewe mwenyewe. Kanuni haibadiliki: kila kipande kinachoingia kwa .exe kiwe kimejengewa Windows, na kiwe cha biti zile zile. Ukitoka biti 64 kwenda 32, jenga vipande vyote upya.

La tatu linawapata wanaochanganya C na C++. Unaona fankisheni yako iko, jina lake unaliona kwa macho, na linka inasema haiko. C++ hubadilisha majina ya fankisheni ndani kwa ndani ili iweze kubeba aina za vitu inavyopokea. C haifanyi hivyo. Kwa hivyo upande mmoja unaita jina refu la C++, upande mwingine una jina fupi la C. Unafunga heda ya C ndani ya extern "C" na hizo pande mbili zinaelewana. Ukiwa na shaka, tumia x86_64-w64-mingw32-nm kwa kile kipande. Herufi U inamaanisha jina limeitwa na halijapatikana, T inamaanisha fankisheni iko hapo. Hiyo ni dakika moja ya kuangalia badala ya masaa ya kubahatisha.

Amri za kunyamazisha

Sasa tufike kwa ile inayonikasirisha. Kuna kosa linaloitwa multiple definition, yaani jina moja limetengenezwa mara mbili. Mara nyingi ni kwa sababu mtu ameweka kigezo kizima ndani ya heda, halafu mafaili matatu yanaivuta hiyo heda. Tangu GCC 10, iliyotoka 2020, kompaila iliacha kuvumilia hiyo tabia kwa C, kwa hivyo miradi ya zamani iliyokuwa ikijengeka ilianza kukataa.

Uliza mtandaoni, uliza roboti ya kupiga stori, na kuna uwezekano mkubwa utapewa -Wl,--allow-multiple-definition. Unaibandika. Makosa yanapotea, .exe inatoka. Lakini umeiambia linka ichukue lile jina la kwanza itakalokutana nalo na isikuulize. Kama mafaili mawili yalikuwa na fankisheni mbili tofauti zenye jina moja, tuseme piga_bei ya rejareja na piga_bei ya jumla, sasa duka linatumia moja kwa wateja wote. Hakuna mahali skrini itawaka nyekundu. Mwenye duka ataona tu kwamba mwisho wa mwezi pesa hazilingani, na atakayeshukiwa kwanza ni yule dada anayekaa kwa kaunta. Hiyo ndiyo sababu siwezi kuchukulia hii kitu kama ubishi wa maprogramu tu.

Kosa la linka linatokea kwa laptopu yako, usiku, ukiwa peke yako na chai. Gharama yake ni usingizi. Ukilinyamazisha linahamia kwa kaunta ya mtu mchana, mbele ya wateja, na gharama yake ni pesa na kazi ya mwingine. Dawa ya kweli kwa hili kosa ni kuandika extern kwa heda na kukiweka kigezo chenyewe ndani ya faili moja la .c. Na kama ni fankisheni mbili zenye jina moja, mpe kila mmoja jina lake.

Sisemi usitumie roboti. Mimi pia huiuliza. Lakini uliza "hii sentensi inamaanisha nini" kabla hujauliza "nipe amri ya kuondoa hii". Swali la kwanza linakuacha na ujuzi, na la pili linakurudisha hapo hapo wiki ijayo.

Kujengeka si kufunguka

Kuna wale linka imewapitisha wakafurahia mapema. Unabeba fleshi, unapanda 237 mpaka Thika, unaweka programu kwa kompyuta ya duka, na Windows inakuambia libstdc++-6.dll haipatikani, ama libwinpthread-1.dll. Mzee anakuangalia. "Kijana, hii kitu itafunguka ama haitafunguka?"

Hizo DLL ni za MinGW, Windows haizijui. Kabla hujalipa nauli, uliza faili lenyewe linahitaji nini:

x86_64-w64-mingw32-objdump -p stoku.exe | grep "DLL Name"

Ukiona KERNEL32.dll, msvcrt.dll, WS2_32.dll, hizo Windows iko nazo. Ukiona za libstdc++ ama libgcc, una chaguo mbili: uzibebe kwa folda moja na .exe, ama uongeze -static unapounganisha ili ziingie ndani. Kwa duka dogo mimi nachagua -static. Faili linanenepa, lakini ni moja, na hakuna mtu atakayefuta DLL akidhani ni takataka.

Angalia pia umri wa ile Windows. Kama kifaa chako kinajenga kwa kutumia UCRT, laibrari mpya ya C ya Microsoft, Windows 10 inakuja nayo tayari, lakini Windows 7 inahitaji kuongezewa. Na kwa wale watakaosema "si utumie Go, hata hutasikia habari za linka": Go ni nzuri, na kuandika GOOS=windows kabla ya go build ni raha tupu, mpaka uongeze laibrari inayotegemea C. Hapo unarudi kwa MinGW kama sisi wengine. Tena Go 1.20 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, kutoka 1.21 inataka Windows 10 kwenda juu. Rust nayo ilipandisha kiwango hicho kwa toleo la 1.78, Mei 2024. Kwa hivyo kabla ya kuchagua lugha, nenda uangalie kaunta.

Wine itakusaidia kujaribu .exe ukiwa bado kwa Linux, na inashika makosa mengi. Lakini Wine si Windows ya yule mzee. Mara ya mwisho jaribu kwa mashine yenyewe, jioni duka likifungwa, nakala ya data ikiwa imewekwa kando.

Kwa nini nasisitiza

Kati ya Ruiru na Thika tuko na vijana wengi sana wanaosoma kompyuta. Juja kuna JKUAT, Thika kuna MKU, na kuna sisi tulioacha vyuo na bado tunaandika. Hizo hadiwea, agroveti na saiba ziko hatua chache kutoka kwa mabweni. Bado nikiingia nakuta hesabu kwa daftari la kaunta, ama programu ya kuibwa isiyo na mtu wa kuiuliza swali. Hiyo kazi iko wazi. Haihitaji mtaji, inahitaji mtu ambaye programu yake inafunguka kwa mashine ya mwingine, na ikikwama anajua pa kuangalia.

Kwa hivyo wikendi hii fanya hivi. Chukua programu yoyote ndogo uliyoandika kwa Linux, iliyo na hifadhidata ama soketi, na uijenge ya Windows kwa MinGW. Itakukataza. Nakili lile kosa la kwanza, la kwanza peke yake, na uandike chini yake kwa Kiswahili chako linasema nini: nani ameitwa, ameitwa kutoka wapi, anakaa laibrari gani. Rekebisha hilo, jenga tena, uone kama ile orodha itafupika. Ukikwama, weka hiyo sentensi hapa kwa maoni, pamoja na amri yote uliyotumia. Ukileta tu "imekataa", nitakuuliza imesema nini.